GARIMOSHI HALIKWEPI



Hapa Bweranyange hakuna reli. Dereva aliyezoea milima ya Karagwe hujihadhari na kona na utelezi tu. Lakini safari ya Dar es Salaam kwa njia ya Singida hupitia Manyoni, ambako barabara hukutana na Reli ya Kati. Huko wilayani Manyoni, tarehe 29 Novemba, 2023, basi la abiria liligongana na garimoshi, na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha.

Garimoshi halikwepi, wala halisimami ghafula. Lenye shehena huweza kuhitaji kilometa nzima au zaidi tangu breki zishikwe hadi lisimame. Kwa hiyo ni wajibu wa dereva wa gari kulipisha.

Basi dereva na asimame kabla ya reli, azime redio, atazame pande zote mbili. Avuke kwa gia moja bila kuibadili, wala asiingie iwapo ng'ambo hakuna nafasi ya gari zima. Gari likizimika juu ya reli, watu washuke mara moja na kwenda mbali, mizigo iachwe.

Makatibu nao wana wajibu. Dereva anayelipwa kwa wingi wa safari, au anayeahidiwa zawadi akiwahi, husukumwa na chama chenyewe. Ratiba na iwe na saa za kupumzika. Kahawa ikichelewa siku moja bado ni kahawa. Dereva na utingo wake hawana msimu wa pili.