Ukizaa Yataisha

Msikilizaji, Juni 3 mwaka 2024 Kenya ilimpoteza mtangazaji Njambi Koikai, ambaye wapenzi wa rege walimfahamu kama Fyah Mummah Jahmby. Alikuwa ameugua endometriosisi tangu usichana wake. Ugonjwa ulipokuja kutambuliwa, ulikuwa umekwishapanda hadi kifuani, na pafu lake likawa linasinyaa mara kwa mara. Mwaka 2018 Wakenya walichanga fedha akapelekwa Atlanta, Marekani, kwa upasuaji.

Katika ugonjwa huu, tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo: kwenye ovari, utumbo, kibofu, na mara chache hata kwenye mapafu. Siku za hedhi zikifika, tishu hizo nazo huvuja damu, nayo damu hiyo haina pa kutokea. Inabaki ndani, inaleta uvimbe na makovu, viungo vinagandana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana milioni 190 wana ugonjwa huu, karibu mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Idadi kama hiyo, na bado wapo wanaozunguka hospitali miaka na miaka bila kuambiwa wanaumwa nini. Ultrasaundi ya kawaida mara nyingi haioni kitu. Mgonjwa anaambiwa picha yake ni safi, anapewa diklofenaki, anarudi nyumbani. Akija tena mwezi unaofuata, wahudumu wanatazamana: huyu naye anadeka.

Lakini nisimwonee daktari. Kabla binti hajafika kwake, ameshapita mikononi mwetu. Shangazi kasema ni chango. Mama kamchemshia mizizi. Bibi kamwambia vumilia, ukizaa yataisha. Wanasema hivyo kwa mapenzi, maana wengi wao waliumia vivyo hivyo na hakuna aliyewauliza. Shuleni jina lake halionekani kwenye mahudhurio siku mbili tatu kila mwezi, mwalimu anaandika mtoro. Siku anapoketi mbele ya daktari ameshafundishwa kupunguza maneno. Akiulizwa unaumwa nini, anajibu: tumbo tu.

Na tunapima maumivu kwa namna ya ajabu sana. Mwanamume akishika tumbo akalia, tunatafuta gari usiku huohuo, kwa sababu mwanamume mzima halii bure. Mwanamke akilia, tunasema wanawake ndivyo walivyo. Akijikaza asilie, tunasema basi hajazidiwa. Sasa alie au asilie?

Msidhani ni sisi peke yetu. Utafiti uliofanywa Philadelphia, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2008, uliangalia watu waliofika idara ya dharura na maumivu makali ya tumbo. Wanaume walisubiri dakika 49 kupata dawa ya kutuliza maumivu. Wanawake, 65. Tumbo ni tumbo, hospitali ni ileile.

Hata dawa zenyewe zina historia. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Nia ilikuwa kulinda mimba, na agizo hilo lilidumu hadi mwaka 1993. Zolpidem, dawa ya usingizi, ilikuwa sokoni kwa miaka 20 kabla ya mamlaka hiyohiyo kuagiza, mwaka 2013, kwamba dozi ya wanawake ipunguzwe kwa nusu. Ilikuwa ikibaki mwilini mwao hadi asubuhi, wakiwa wameshika usukani.

Hapa Tanzania aliyelitoa suala hili chumbani ni Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001. Alisimulia hadharani jinsi alivyopasuliwa mara 13 na jinsi alivyohangaika kupata mtoto. Mwaka 2017 alijifungua mvulana, nchi nzima ikafurahi. Nami nilifurahi. Ila nina hofu kwamba masikio yetu yalifunguka tuliposikia habari ya uzazi. Maumivu ya mwanamke yakitishia mtoto, tunashtuka. Yakimtesa yeye mwenyewe, tunamwambia asubiri huyohuyo mtoto aje kumponya. Na kitabibu si kweli: kuzaa hakuponyi endometriosisi. Wapo wenye watoto watatu wanaoendelea kugaagaa sakafuni kila mwezi.

Wewe unayesikiliza na unalijua tumbo hili, chukua daftari. Andika tarehe ya hedhi, tarehe ya maumivu, siku ulizoshindwa kwenda kazini, na kama unaumia pia unapokwenda haja au katika tendo la ndoa. Baada ya miezi mitatu nenda nalo, omba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Najua ni dhuluma kumtaka mgonjwa aje na ushahidi kana kwamba yuko mahakamani. Kaka yako akiumwa mgongo haambiwi alete daftari. Lakini nenda nalo, na ukiambiwa tena ukizaa yataisha, muulize daktari amelisoma wapi.