Majina ya Ndege za Vita

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya ndege za vita. Wenzangu wa bwenini watakumbuka kwamba tulipokuwa kidato cha pili nilikuwa na wazimu wa ndege. Kitabu cha maktaba juu ya ndege za Vita Kuu ya Pili nilikikariri chote. Nilijua kuwa ndege moja ya kiwanda cha North American ilikuwa na majina matatu. Jeshi la nchi kavu la Marekani liliiita AT-6, Waingereza wakaiita Harvard, na jeshi la majini la Marekani likaiita SNJ: S ni upelelezi, N ni mafunzo, J ni alama ya kiwanda. Mwaka 1948 jina la AT-6 likafupishwa kuwa T-6. T hiyo nayo ni mafunzo.

Likizo ya mwaka 1971 niliimalizia Kilambo, karibu na mto Ruvuma. Ng'ambo, vita vya FRELIMO na Wareno vilivyoanza mwaka 1964 vilikuwa vikiendelea, na mjomba wangu alikuwa amevuka na watoto wawili. Jioni moja tukasikia mngurumo upande wa pili wa mto. Mjomba akawanyakua watoto, akakimbilia chini ya mikorosho. Mimi nikabaki uwanjani nikitazama juu, nikamwita kwa majivuno: "Mjomba, usiogope! Hiyo ni T-6, ndege ya kujifunzia tu."

Hakunikaripia. Alingoja mpaka mlio ukapotea, akasema: "Basi, mpwa wangu, walijifunzia kwenye shamba langu."

Kitabu changu hakikuniambia kwamba Wareno walizifunga T-6 bunduki za rashasha, maroketi na mabomu chini ya mabawa. Baadaye nikasoma habari za ndege yao ya jeti iliyokuwa Nacala, Fiat G.91 R/4. G ni mhandisi Gabrielli wa Italia. R ni upelelezi. Ile 4 ni aina iliyoundwa kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki. Nchi hizo hazikuzichukua. Zikaenda Ujerumani Magharibi, ambayo mwaka 1966 iliiuzia Ureno ndege 40. Nayo R hiyo, pamoja na kamera zake, ilibeba mabomu.

Vijana, jifunzeni herufi hizi, kwani zinaeleza nani aliunda, kwa kazi gani, na kwa ajili ya nani. Lakini herufi huandikwa kiwandani. Kazi yenyewe muulizeni aliyekuwa chini ya ndege.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na mjomba akarudi kwake. Sikuwahi kumwomba radhi. Nafanya hivyo leo, mbele yenu.