Tochi ya Kutembea Usiku

Leo tunazungumza kuhusu tochi. Pengine utauliza, tochi na afya vinahusiana vipi?

Fikiria, mama. Ni saa nane za usiku. Mtoto ana homa kali, au uchungu wa uzazi umeanza. Mvua ilinyesha jioni, njia kati ya michai inateleza na ukungu umetanda. Mama mjamzito akianguka, anaweza kuumia pamoja na mtoto aliye tumboni. Tena kuna nyoka kama bafe, ambaye mara nyingi hakimbii akisikia hatua zako. Hulala tuli, akikanyagwa huuma.

Wengi wetu hutegemea mwanga wa simu. Lakini mwanga huo humaliza chaji, na simu hiyo hiyo ndiyo ya kumwita mtu wa bodaboda. Iache simu iwe ya kupiga.

Ukienda kununua tochi, angalia mambo manne.

Kwanza, mwanga. Ijaribu mahali penye giza. Inayomulika mbali si lazima iwe bora. Unataka mwanga mpana, unaoonyesha njia yote na hatua 3 au 4 mbele yako. Tochi za LED hutumia nguvu kidogo kuliko zenye balbu za zamani.

Pili, mikono. Je, unaweza kuiwasha kwa mkono mmoja ukiwa umebeba mtoto? Ile ya kuvaa kichwani huacha mikono huru. Kukiwa na ukungu mwingi, ivue uishike usawa wa kiuno, maana mwanga ulio karibu na macho hurudi usoni.

Tatu, mvua. Mfuniko ufunge vizuri, na swichi isilegee ukiitikisa.

Nne, nguvu. Tochi ya sola ni nzuri, lakini siku za mawingu haijai. Kama nyumbani hakuna stima, chagua pia inayotumia betri zinazopatikana duka la karibu. Usichanganye betri mpya na kuukuu. Usiziume ili zipate nguvu, wala usizitupe motoni, kwani zinaweza kupasuka.

Sasa sikiliza kwa makini. Vitochi vingine hutumia betri ndogo bapa kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza, inaweza kumchoma kooni kwa muda wa saa 2 tu. Usinunue kitochi cha namna hiyo ikiwa mfuniko wake haufungwi kwa skrubu. Mtoto akimeza betri, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheza kama kawaida.

Mwisho, tochi iwe na mahali pake pamoja nyumbani, na kila mtu apajue. Iwashe kila jioni kuhakikisha inafanya kazi. Mama mjamzito, iweke pamoja na kadi ya kliniki na nguo za mtoto. Na ukitoka usiku, vaa gamboti na uandamane na mtu.

Leo jioni, kabla ya kulala, ijaribu tochi yako. Kwaherini, na usiku mwema.