Zebaki Ipi? Istilahi na Sarufi katika Vipimo vya Mashapo ya Ziwa Viktoria



Wakazi wengi wa mwambao wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, huishi kwa samaki wa Ziwa Viktoria. Kusini-mashariki mwao, huko Geita, wachimbaji wadogo wametumia zebaki kunasia dhahabu kwa miaka mingi. Ni haki yao, basi, kuuliza kama ziwa lao ni salama. Jibu hutoka maabara, lakini huwafikia kwa Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba usahihi wa jibu hilo hutegemea pia istilahi na sarufi.

Tuanze na istilahi. Neno mashapo halitusumbui: aliyeona masalia yanayotuama chini ya chombo cha rubisi ataelewa pia yale yanayotuama chini ya ziwa. Tatizo limo katika zebaki, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, kwani maabara hupima vitu viwili. Cha kwanza ni zebaki yote iliyomo. Sampuli huyeyushwa kwa asidi kali, zebaki hugeuzwa mvuke kwa msaada wa kloridi ya bati, kisha hupimwa kiasi cha mwanga wa nanomita 253.7 kinachofyonzwa na mvuke huo. Cha pili ni kampaundi ya zebaki na methili, ambayo bakteria huiunda katika tope lisilo na oksijeni. Hii hutenganishwa kwanza, kwa kukenekwa au kwa vimumunyisho, ndipo ipimwe.

Tofauti hiyo si ndogo. Katika mashapo, kampaundi hii kwa kawaida huwa takriban asilimia 1 tu ya zebaki yote. Katika minofu ya samaki walao wenzao, kama sangara, huwa ndiyo sehemu kubwa. Nayo ndiyo hudhuru ubongo wa mtoto tumboni, kama ulimwengu ulivyojifunza Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake uliripotiwa rasmi mwaka 1956. Kwa hiyo sentensi “mashapo yana zebaki” haijamwambia mama mjamzito wa Muleba jambo la kumfaa. Napendekeza istilahi mbili, zebaki jumla na zebaki methili. Zote huanza na nomino kuu, kama sarufi yetu itakavyo, na msikilizaji huona mara moja kuwa ni aina mbili.

Sasa sarufi. Kila mbinu ina kikomo cha ugunduzi, yaani kiwango ambacho chini yake chombo hakioni kitu. Tukiandika “haipo”, tumesema uongo. Tukiandika “haigunduliki”, kauli ya kutendeka yaifanya hali hiyo kuwa sifa ya kudumu ya zebaki yenyewe. Lakini “haikugunduliwa” ni kauli ya kutendwa: yadokeza mtendaji, mbinu na siku, na yamruhusu msomaji kuuliza, “Na nani? Kwa mbinu gani?” Hali kadhalika, “kidogo” si “hakuna”. Ikingura na Akagi, katika makala yao ya mwaka 1996, waliripoti zebaki kidogo kwa samaki wa Ghuba ya Nungwe; atakayetafsiri kuwa samaki hao hawana zebaki atakuwa amebadili matokeo.

Wanafunzi wangu, mkemia hulinda sampuli isichafuke. Ni wajibu wetu kulinda sentensi itakayoyafikisha matokeo yake kwa mvuvi.