Lishe Kupitia Mshipani: Utafiti Uliofanyika Chumbani kwa Mgonjwa



Nimeombwa nizungumzie utafiti wa maradhi ya utumbo, na nadhani walioniomba walitarajia habari za maabara na darubini. Nitawakatisha tamaa kidogo. Mengi tunayoyajua leo kuhusu mtu aliyebakiwa na utumbo usiotosha yalipatikana nyumbani kwa wagonjwa wenyewe, baada ya madaktari kukubali kuwaachia waende kwao.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 3 hadi 8 hivi. Humo ndimo chakula, maji na chumvi vinamopenya kuingia mwilini. Ukibaki chini ya mita moja, mtu anaweza kumaliza sahani nzima ya wali na bado akadhoofika kwa njaa. Kuna wanaopoteza utumbo kwa sababu umejisokota, au kwa sababu damu imeganda kwenye mishipa inayoulisha. Wengine wana maradhi ya Crohn, ambayo huuvimbisha, huutoboa na kuuziba, na kila upasuaji huondoka na kipande kingine. Maradhi hayo yalielezwa mwaka 1932 na madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai, New York: Crohn, Ginzburg na Oppenheimer. Kilichobaki ni jina la Crohn peke yake, kwa kuwa tu majina yalipangwa kwa alfabeti. Sifa nyingine katika tiba hupatikana kwa urahisi namna hiyo.

Zamani mgonjwa wa aina hii aliwekewa dripu, kisha ikabaki kusubiri. Sukari nzito inayoweza kumlisha mtu huunguza mshipa wa mkononi. Stanley Dudrick, huko Philadelphia, aliupitisha mrija hadi kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, ambako damu ni nyingi na huizimua sukari papo hapo. Watoto wa mbwa aliowalisha hivyo walikua kama wenzao waliokula kwa mdomo, na mwaka 1967 njia hiyo ikatumika kwa mtoto mchanga aliyezaliwa karibu hana utumbo mwembamba. Nchini Sweden, Arvid Wretlind alikuwa amekwisha kutengeneza mafuta ya soya yanayoweza kuingizwa mshipani bila kudhuru, yakishikanishwa na maji kwa kiini cha yai. Yakaongezewa protini iliyovunjwavunjwa, vitamini na madini, na mlo ukawa kamili.

Mlo huo sasa huliwa nyumbani. Saa mbili usiku mgonjwa anafuta meza kwa spiriti, ananawa mikono kama alivyofundishwa na muuguzi, na kuuchukua mfuko wa lita 2 au 3 aliokuwa ameutoa kwenye friji mapema ili upoteze ubaridi. Ndani mna kitu cheupe kama maziwa. Anapangusa ncha ya mrija unaotokeza kifuani, anaunganisha, anawasha pampu, analala. Usiku ataamka kwenda kukojoa, pengine mara tatu. Vidole vikigusa ncha ile kwa bahati mbaya, vijidudu vinaweza kuingia kwenye damu na kesho yake akarudi hospitalini akitetemeka. Huko Toronto, Khursheed Jeejeebhoy alianza mwaka 1970 kumlisha hivi mama mmoja ambaye utumbo wake ulikuwa umekufa. Mama yule alirudi kwa familia yake akaishi takriban miaka 20.

Maisha marefu kama hayo ndiyo yaliyofichua mambo. Mwaka 1977 kundi hilohilo la Toronto liliandika habari za mgonjwa aliyelishwa mshipani nyumbani kwa zaidi ya miaka mitatu. Alianza kukonda ingawa alilishwa vya kutosha, sukari ikapanda, miguu ikaingia ganzi, akahitaji insulini. Waliangalia kila kitu, mwishowe wakamwongezea kromiamu, mikrogramu 250 kwa siku kwa wiki mbili. Akarudia uzito wake, ganzi ikaondoka, insulini haikuhitajika tena. Hakuna wodi ambayo ingeliona jambo hilo, maana hakuna anayelazwa miaka mitatu ili akose kromiamu.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda kwa sababu liliangusha nadharia iliyopendeza sana. Ilidhaniwa kwamba utumbo wenye vidonda vya Crohn ukipumzishwa kabisa, pasiingie chochote kwa mdomo, utapona upesi. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 51 waliogawanywa kwa kura: wengine walilishwa kwa mshipa peke yake, wengine walipewa chakula cha maji kwa mpira wa puani, wengine walikula kawaida na kuongezewa kiasi mshipani. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 71, 58 na 60. Kwa idadi ile ya watu, tofauti hiyo huwezi kuitenga na bahati. Huenda kilichosaidia ni chakula chenyewe, kwa njia yoyote kilikopitia. Leo mtoto mwenye Crohn anaweza kutulizwa kwa wiki 6 hadi 8 za chakula cha maji tu, bila mshipa wake kuguswa.

Sasa niseme juu ya kiu. Mtu ambaye utumbo wake mfupi unaishia kwenye tundu lililotobolewa tumboni na wapasuaji huona kiu isiyokatika. Ndugu zake wanamhimiza: kunywa maji. Anakunywa, na mfuko uliobandikwa kwenye tundu hilo unajaa maradufu, naye anazidi kukauka. Sehemu ya juu ya utumbo haivumilii maji matupu. Huyamwagia chumvi ya mwilini, kisha yote yanatoka pamoja. Katika hospitali ya St Mark's, London, wagonjwa hawa huambiwa wapunguze maji, chai na soda, na badala yake wanywe taratibu mchanganyiko wa lita moja ya maji, gramu 20 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za sodiamu baikabonati. Mnautambua. Ni ndugu wa ORS iliyopo kwenye kila zahanati yetu, na kanuni ni ileile: sukari na chumvi huingia zikiwa zimeshikana. Ila pakiti za siku hizi, zinazofuata kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2002, zina chumvi pungufu. Zinamfaa mtoto anayeharisha. Kwa mgonjwa huyu hazitoshi.

Upo pia utafiti wa dawa. Mwaka 1996 Daniel Drucker alionyesha kwamba homoni iitwayo GLP-2 hukuza ngozi ya ndani ya utumbo wa panya. Kutokana nayo ikatengenezwa dawa ya teduglutide. Jaribio lililochapishwa mwaka 2012 liliwahusisha wagonjwa 86 kwa wiki 24. Waliopata dawa walipunguza dripu kwa wastani wa lita 4.4 kwa wiki. Waliopata dawa bandia nao walipunguza lita 2.3. Wengi hulipita haraka hilo la pili. Mimi hunikalisha chini. Mfuko ulipunguzwa pale mkojo ulipoongezeka, na anayekunywa zaidi hukojoa zaidi. Nadhani pia kufuatiliwa kwa karibu, kupimwa mkojo na kuzungumzishwa kila mara, huenda kulichangia nafuu ile. Ila takwimu iliyowagusa wagonjwa ni nyingine: asilimia 54 ya waliopata dawa walipata angalau usiku mmoja kwa wiki usio na pampu, dhidi ya 23 ya wenzao.

Kwetu mifuko hii ni ghali na umeme hukatika. Ila mengi hayangoji fedha. Watafiti wa Copenhagen walionyesha mwaka 1994 kwamba utumbo mpana, ukiachwa umeungwa, huokoa nguvu kutoka kwenye wanga ambao utumbo mwembamba umeshindwa kuumeng'enya. Mgonjwa wa hivyo apewe ugali kwa wingi. Nanyi wapasuaji vijana mlioko hapa, mkitoa utumbo uliojisokota usiku wa manane, msiandike kwenye faili mmekata kiasi gani. Pimeni kilichobaki, mkiandike kwa sentimita, na mseme kama utumbo mpana bado umeungwa. Mita mbili zilizoondolewa hazinielezi kitu kwa mtu ambaye sijui kama alizaliwa na 3 au 8.