Fidia ya Watoto wa Kavumu Ipitie Njia Gani?



Tarehe 13 Desemba 2017, korti ya kijeshi iliyokaa hapa hapa Kavumu ilimhukumu mbunge wa jimbo la Kivu Kusini, Frederic Batumike, na wanamgambo wake kumi kifungo cha maisha, kwa kuwabaka watoto wetu na kwa mauaji. Iliagiza kila mtoto alipwe fidia ya dola 5,000, na kila familia iliyouliwa mtu dola 15,000. Julai 2018 korti ya rufaa ikathibitisha hukumu. Lakini majaji hawakukubali kwamba Leta nayo ina deni, ingawa ilishindwa kuwalinda watoto wale. Fidia ikabaki juu ya wafungwa. Mama wa Kavumu atamdai mfungwa vipi?

Baadaye Leta yenyewe iliingia. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliunda FONAREV, mfuko wa kitaifa wa fidia, na kuupa asilimia 11 ya malipo ambayo makampuni hulipa Leta kwa kuchimba madini. Kwa hiyo chanzo cha fedha kipo. Ninachodai leo ni tarehe na njia.

Nadai hivyo kwa sababu ya yaliyotokea Kisangani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo fidia ya vita ya dola milioni 325, milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022. Septemba 2025, Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa kufuja dola milioni 19 za fidia hiyo, zilizoelekezwa kwenye ujenzi wa gereza huko Kisangani. Fedha zilishafika nchini, lakini zikaelekezwa kwingine kabla ya kumfikia mhanga.

Tuje kwetu. Benki za Bukavu zilifunga milango Februari 2025. Wengi watasema basi, tumieni simu. Sawa, lakini simu ya nani? Mtoto hana kadi ya uchaguzi ya kuandikishia laini, kwa hiyo laini imeandikwa kwa jina la baba mdogo. Ujumbe unaingia, nyumba nzima inausoma. Mama anakwenda kwenye kabini ya fedha za simu barabarani, kijana wa kabini anaona kiasi, anamwambia hana makuta ya kutosha, arudi kesho. Kufika kesho, soko zima limejua fedha hizo ni za nini. Familia hizi zilificha majina ya watoto mbele ya korti, mashahidi wakasema nyuma ya pazia. Malipo yasije kuyafichua kwa uzembe.

Kwa hiyo fedha zigawanywe kidogo kidogo, kwa tarehe iliyotangazwa mapema. Mlezi athibitishwe na tribinali ya watoto, na sehemu ya fidia iwekwe kwa jina la mtoto mwenyewe, hata mjomba asiweze kuigusa. Orodha ya wanaostahili isibandikwe ukutani. Kitakachotangazwa ni jumla tu: kiasi kilichotoka, kiasi kilichofika, na afisa aliyetia saini.

Wale waliokuwa wadogo wakati ule sasa wamekua. Kabla ya kulipa hata feranka moja, waulizwe wao wenyewe wanataka fedha hizi zipitie wapi.