WANAOJIFUNZA LORI WASIVUNJWE MOYO

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Leo hatuna habari ya mbolea wala ya magunia. Tunataka tuzungumze juu ya wanetu wawili, kijana mmoja na binti mmoja, ambao ushirika huu umewalipia ada wakajifunze kuendesha lori. Wiki iliyopita wamekuja mapumziko. Kijana amesema harudi tena. Binti hajasema kitu, lakini uso wake tumeuona. Na huko kwenye ulanzi, jamani, watu wanacheka: ati mikono ya jembe na usukani wapi na wapi, ati mwanamke na lori wapi na wapi.

Haya, tuambiane ukweli. Lori letu tumelinunua kwa mkopo. Mkopo unadai kila msimu, gari liende lisiende. Dereva tuliyemwajiri msimu uliopita aliondoka katikati ya mavuno, mahindi yakatusubiri ghalani, tukakodi magari ya watu kwa bei waliyotaka wao. Kwa hiyo anayewacheka wanetu hawa anaucheka mfuko wake mwenyewe.

Tumekaa nao, tukawauliza kimoja kimoja: ni nini hasa kinachowashinda? Wametaja mambo manne. Tumemwuliza na mzee wetu mmoja aliyeendesha malori miaka mingi. Kasema mambo yote manne ni ya kila mwanafunzi, hayana uhusiano na ujinga.

La kwanza, gari linazimika wakati wa kuondoka. Sababu ni kuachia klachi ghafla. Injini ya dizeli ina nguvu hata ikizunguka polepole. Mahali pa tambarare, ukiwa gia ya chini, achia klachi taratibu mpaka usikie gari linatikisika kidogo. Hapo ndipo klachi inaposhika. Ngoja kidogo hapo hapo, halafu malizia. Mguu haujifunzi kwa kuambiwa, unajifunza kwa kurudia.

La pili, gia inalia krrr na watu wanageuka kutazama. Malori mengi ya zamani, na letu likiwemo, hayana kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno ya gia. Dereva ndiye anayelinganisha. Akitaka kushuka gia anakanyaga klachi, anatoa gia, anaachia klachi, anagusa mafuta kidogo, anakanyaga klachi tena, ndipo anaingiza. Hatua zote hizo ni za kitambo kidogo tu! Nani kati yetu angeziweza siku ya kwanza?

La tatu, wanawasha gari halafu haliondoki, linapiga kelele, nao wanadhani wameliharibu. Hawajaharibu kitu. Breki za lori zinatumia upepo. Tangi likiwa halina upepo wa kutosha, springi kali zinafunga magurudumu ya nyuma kwa makusudi, ili gari lisikimbie bila breki. Kazi ya dereva hapo ni kutulia, kutazama saa ya upepo, na kungoja kelele ikome. Ile kelele inamlinda.

La nne ndilo linalowatoa machozi: kurudi nyuma na trela. Ukikata usukani kushoto, mkia wa trela unakwenda kulia. Akili inakataa. Mzee wetu ametoa dawa: kwa trela linalolalia kwenye kichwa cha gari, shika usukani kwa chini, halafu peleka mkono upande ule unaotaka mkia uende. Nenda polepole, tazama vioo vyote viwili, na ukiona limepinda sana usishindane nalo. Simama, nenda mbele, linyooshe, uanze upya. Kuanza upya si aibu, na madereva wa miaka ishirini wanafanya hivyo.

Ndugu zangu, sisi tuliopata kusoma ukubwani tunalijua jambo hili. Kalamu ilikuwa nzito kuliko shoka. Herufi b na d zilitupiga chenga wiki nzima, na watoto walituchungulia dirishani wakicheka. Na hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nchini. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha 67 katika kila 100. Kufika 1975 walibaki 39. Hao waliojifunza walikuwa wakulima wenye mikono kama yetu, waliokuja darasani jioni wamechoka.

Na barabara yetu hii ina historia yake. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikakatiwa njia ya mafuta. Malori yakabeba mapipa ya mafuta toka Dar es Salaam, yakapita Iringa mpaka Zambia, na kurudi na shaba. Wakati huo sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya udongo, tope wakati wa mvua na vumbi kiangazi, wakaiita njia ya Jehanamu. Je, madereva wale walizaliwa na usukani mkononi? Walijifunza.

Lakini tusidanganyane kwa upande wa pili. Kuvumilia maana yake si kuharakisha. Mlima Kitonga hauna huruma kwa dereva nusu. Mteremko unaingiwa ukiwa tayari kwenye gia ya chini, injini ndiyo ishikilie gari. Anayekanyaga breki mfululizo toka juu zitapata moto, na zikipata moto hazishiki. Kwa hiyo hatutaki mtu atuletee leseni ya njia ya mkato. Afadhali wakae mwezi mmoja zaidi chuoni kuliko tuwazike.

Basi mkutano umekubaliana hivi. Kwanza, wote wawili wanarudi Jumatatu, na nauli itatoka kwenye mfuko wa ushirika. Pili, mzee wetu atakaa nao Jumapili jioni awaeleze habari ya gia, lori likiwa limesimama na kuzimwa. Tatu, kijana akimaliza mafunzo na bado akaona kazi hii si yake, atatuambia na hatasimangwa. Gari linahitaji utingo na fundi pia. Lakini asiamue leo, akiwa na uchungu wa wiki tatu za kwanza.

Kwako binti yetu, hakuna aliyekusemea leo. Ulisimama mwenyewe ukauliza kama ukirudi utapewa trela kwanza, maana ndilo linalokusumbua. Tumelisikia, na mwalimu wako ataandikiwa barua.

Nanyi mnaocheka, tunawaomba jambo moja: nyamazeni mpaka mavuno. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.



Katibu